Mbona nalipa hela kuangalia wanafunzi wakicheza kikapu? Nawajibu leo

Habari zenu ndugu zangu, na wakubwa zangu shikamooni. Niko ndani ya gari, nje ya kazini. Shifti naanza saa tano usiku, kwa hiyo nina nusu saa ya kujibu lile swali, maana sasa limezidi. Tangu niweke video nikiwa uwanjani hapa Hartford, jimbo la Connecticut, Marekani, kila nikifungua maoni nalikuta: "Kaka, yaani unatoa hela kwenda kuangalia wanafunzi? Si bora NBA, ligi ya wanaolipwa?" Na wengine wameshatoa hukumu kabisa: naringa.

Siringi. Tiketi ilikuwa dola 34, safu ya juu kabisa, na maegesho dola 20. Niliitafuta kwa shifti ya ziada ya Jumapili. Na kwa kuwa tumeanza kuhesabiana mifuko, niwaambie: mwaka juzi kibali changu cha kazi kilichelewa, nikakaa wiki tisa sina shifti hata moja. Mwenye nyumba hasubiri kibali. Nikalipa ada upya, nikapiga picha upya, nikajaza fomu zilezile upya. Wiki hizohizo ndugu yangu wa damu akaandika kwenye kundi la familia kwamba nimewasahau. Sikumjibu siku ile kwa sababu ningeandika ubaya. Silalamiki, nina kazi na nina afya. Ila mtu asinihesabie hela kwa kuangalia video.

Sasa kikapu.

Connecticut haina timu ya NBA. Hapa Hartford walikuwa na timu kubwa ya hoki ya barafuni, ikahama mwaka 1997. Walichobaki nacho ni chuo, UConn, yaani Chuo Kikuu cha Connecticut, kiko Storrs, huko mashambani, kilianza mwaka 1881 kama shule ya kilimo. Fundi bomba, mwalimu, muuza maziwa, wote timu yao ni hiyo, awe alisoma pale au hakuwahi kukanyaga darasa lake. Na timu ya wanawake ndiyo usiseme: msimu wa 1995 walicheza mechi 35, wakashinda zote 35, wakabeba ubingwa.

Mimi nahudumia wazee. Yupo mmoja, jina lake sitalitaja, si haki yangu kulitaja, usiku usingizi unamkataa. Mwezi wangu wa kwanza aliniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Tanzania. Akanyamaza kidogo, akanyoosha mkono juu mpaka ulipogota, akasema: "Thabeet."

Ndugu zangu, niliweka chini shuka niliyokuwa nakunja, nikakaa.

Alinisimulia Hasheem Thabeet kama unavyomsimulia kijana wa jirani aliyekulia mtaani kwako. Mtoto wa Dar, mita 2.21, alianza kikapu ameshakuwa kijana wa miaka 15 hivi, akaja kukaa chini ya ringi la Storrs tangu 2006 mpaka 2009. Mzee anasema watu walikuwa wanaingia kwa kasi, wakimwona tu wanarudisha pasi nje. Mitupo ambayo haikurushwa kwa sababu yake, hiyo anasema haijaandikwa popote. Mara mbili, 2008 na 2009, alikuwa mchezaji bora wa ulinzi wa Big East, ligi ya vyuo ambamo UConn walicheza. Na Big East ile haikuwa ya mchezo: Georgetown, Syracuse, Villanova, St. John's. Dikembe Mutombo wa Kinshasa, aliyekuja kuwa nyota wa NBA, alipita humohumo akiwa Georgetown, Mungu amrehemu.

Anakumbuka zaidi usiku wa tarehe 12 Machi 2009. Madison Square Garden, New York, robo fainali ya Big East, UConn na Syracuse. Muda wa kawaida uliisha 71 kwa 71. Wakaongeza dakika tano, sare. Tena, sare. Wakaongeza mara sita! Syracuse hawakuongoza hata sekunde moja katika nyongeza tano za mwanzo, halafu ile ya sita wakashinda 127 kwa 117. Jonny Flynn wao alicheza dakika 67 kati ya 70. Mzee anasema mkewe alilala, akaamka kwenda jikoni, akakuta mpira uleule. Anasimulia kipigo kile kwa furaha, na timu yake ndiyo iliyofungwa. Mkewe sasa hayupo.

Mchezo mwingine anaoupenda ni wa 1990, mashindano ya vyuo ya taifa, dhidi ya chuo cha Clemson. Imebaki sekunde moja, UConn wako nyuma kwa pointi moja. Scott Burrell anarusha pasi toka mwisho mmoja wa uwanja mpaka mwingine, Tate George anadaka, anageuka, anatupa, 71 kwa 70. Siku mbili baadaye chuo cha Duke wakawatoa. Sehemu hiyo mzee huwa haifikishi, nami simkumbushi.

Sasa ninachoumia ni hiki. Nyumbani ukimtaja Thabeet, la kwanza utaambiwa alichaguliwa wa pili NBA mwaka 2009, kabla ya Harden na Curry ambao baadaye wakawa nyota wakubwa, halafu mtu anacheka. Anacheka mtu ambaye hajui hata Storrs iko wapi. Kijana wetu alifika fainali za timu nne bora za vyuo vya Marekani, na huku kuna mzee anayesahau amekula nini mchana lakini yeye hajamsahau. Naomba tumpe heshima hiyo na sisi, angali hai.

Wazazi mnaoniuliza jinsi ya kuleta vijana, nitasema nililoliona mimi tu, kila mtu na njia yake. Tangu Julai 2021 wachezaji wa chuo wanaruhusiwa kuingiza hela kwa majina yao, na tangu 2025 vyuo vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Lakini viza ya mwanafunzi inabana sana mambo ya kazi, kwa hiyo hela anayopata mwenzake Mmarekani, wako anaweza asiiguse. Uliza mwanasheria kabla hujauza kiwanja. Usije ukasema ni mimi nilikuambia.

Mzee aliniuliza sisi tunasemaje mtu akizuia mtupo. Nikamwambia kwetu uwanjani tunapiga kelele, "Hapiti!" Sasa nikiingia zamu ananisubiri, ananyoosha mkono juu: "Hapiti!" Saa tano kasoro kumi hii. Bila shaka yuko macho. Acha niende.