Kinga ya Chanjo na Kinga ya Maradhi: Damu ya Mtoto Inavyoeleza Homa ya Ini B

Assalaam alaykum. Wazazi, walimu wa skuli na wauguzi mliofika hapa Chake Chake, swali ninaloulizwa sana ni hili: ikiwa kuugua kwenyewe humpa mtu kinga, kwa nini mtoto adungwe sindano? Kwa homa ya ini B, jibu limo ndani ya damu ya watoto.

Kirusi cha homa ya ini B kina ganda na kina kiini. Chanjo imebeba protini ya ganda peke yake, inayotengenezwa kwa hamira iliyotiwa jeni ya protini hiyo, kwa hiyo mtoto aliyechanjwa hupata kingamwili (protini za damu za kupambana na maradhi) za ganda tu. Aliyeambukizwa hutengeneza kingamwili za kiini, ambazo kwa kawaida hubaki naye maisha yote, apone asipone. Hivyo ndivyo maabara inavyowatenganisha wawili hawa, ingawa kwa mtoto mchanga kipimo cha kiini kisisomwe kwa haraka, kwani kingamwili za mama hupita kwenye kondo la nyuma na huweza kudumu zaidi ya mwaka.

Lililo zito ni kwamba kingamwili za kiini hazimlindi mtu. Zinazolinda ni za ganda, na hizo ndizo ambazo mtoto mchanga aliyeambukizwa mara nyingi hazipati. Kati ya watoto 10 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, takriban 9 hubaki na kirusi kwa muda mrefu, ilhali kwa watu wazima ni chini ya 5 katika 100. Mtoto huyo hucheza na kukua bila macho kuwa ya manjano, na baada ya miaka mingi baadhi yao hupata saratani ya ini. Anayengoja kinga ya namna hiyo anamweka mtoto hatarini.

Baada ya dozi tatu za chanjo, ambazo kwetu hutolewa ndani ya penta, yaani chanjo ya pamoja ya maradhi matano, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, zaidi ya watoto 95 katika 100 hufikia kiwango cha kinga, yaani uniti 10 za kingamwili za ganda kwa lita. Miaka ikipita kiwango hushuka, na wapo wazazi wanaoshtuka wakiona majibu ya kijana wao. Wasishtuke: seli za kumbukumbu, yaani zile zinazokikumbuka kirusi, zimebaki, na kwa kuwa kirusi huchukua mwezi mmoja hadi sita kabla ya kuleta maradhi, seli hizo hupata muda wa kutengeneza kingamwili upya.

Kinachonitia wasiwasi ni zile wiki sita za mwanzo, kabla ya penta kuanza. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi ya kwanza ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa, kwa sababu kadiri inavyocheleweshwa ndivyo uwezo wake wa kuzuia maambukizi yanayotoka kwa mama unavyopungua. Mjamzito aliyekutwa na kirusi amuulize mkunga mapema kama dozi hiyo itapatikana mahali atakapojifungulia.