Fedha Haiwi Mvuke: Nanoteknolojia, Ziwa Tanganyika na Haki ya Kuulizwa

Mheshimiwa Mwenyekiti, mabibi na mabwana,

Wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilisema jambo hili, na kwa kuwa halijatekelezwa nitalisema tena: serikali inapotumia kodi kugharimia nanoteknolojia, yaani ufundi wa kuunda na kutumia chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, wananchi waulizwe kabla ya bajeti kupitishwa, si baada ya bidhaa kufika dukani. Sitaeleza upya chembe hizo ni ndogo kiasi gani. Wanafunzi walioketi pale nyuma watawaeleza wazazi wao.

Nianze na ziwa letu. Chembe za madini ya fedha huua bakteria, na ndiyo sababu hutiwa katika vichujio vya maji, katika bandeji na hata katika soksi. Nguo hizo zinapofuliwa, sehemu ya chembe hutoka na maji machafu, na hapa Kigoma maji yanayoteremka kutoka milimani mwisho wake ni ziwani. Tanganyika si mto. Kina chake kinazidi mita 1,400, mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, Mto Lukuga upande wa Kongo, na sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa kugeuka mvuke. Fedha haiwi mvuke. Kinachoingia humo hukaa miaka mingi kuliko umri wa yeyote aliyemo ukumbini. Tena chembe iliyoundwa kuua vijidudu haitofautishi kati ya kijidudu cha maradhi na viumbe wadogo ambao chakula cha dagaa huanzia kwao. Sisemi kwamba dagaa wanaoanikwa Kibirizi wamekwisha kudhurika. Nasema kwamba mfuko uleule unaolipia uvumbuzi ulipie pia uchunguzi wa swali hilo.

Najua atasimama mtu aseme kwamba nawatisha watu wasio na maji salama. La hasha! Mwaka 2015 kipindupindu kilipowakumba wakimbizi wa Burundi pale Kagunga, mkoa mzima ulijua thamani ya maji safi. Mwaka huohuo Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alishinda tuzo ya uhandisi barani Afrika inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, kwa kichujio kinachounganisha mchanga na nanoteknolojia. Hiyo ndiyo faida ya umma ninayoitaka. Ninachouliza ni kichujio cha namna hiyo kikichakaa kitatupwa wapi, na nani atakuwa ameulizwa.

Wala msiniambie kwamba maswali haya huchelewesha maendeleo. Wamarekani, ambao hakuna anayewashuku kwa kuchelewa kutafuta faida, waliandika katika sheria yao ya nanoteknolojia ya mwaka 2003 kwamba masuala ya maadili na mazingira yatazamwe ndani ya mpango wenyewe wa utafiti, na kwamba maoni ya wananchi yatafutwe, hata kwa mabaraza ya raia. Mwaka uliofuata wanasayansi wa Uingereza waliishauri serikali yao izuie kadiri iwezekanavyo chembe hizo kumwagwa katika mazingira hadi madhara yake yajulikane vizuri zaidi.

Mengine nayapitia haraka. Lebo: Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2013 unadai vipodozi vyenye chembe hizo viandikwe hivyo, nasi tufanye vivyo hivyo, bila kupiga marufuku mafuta ya kukinga jua ambayo ndugu zetu wenye ualbino wanayategemea. Hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuumiliki uvumbuzi wake: utafiti uliolipiwa na umma usirudi kuuzwa kwa umma kwa bei isiyoshikika.

Na kwa madiwani mliopo: mwaka 2003 nchi nne zinazopakana na ziwa hili zilitia saini Dar es Salaam mkataba wa kulitunza, ambao miongoni mwa misingi yake ni tahadhari na ushiriki wa wananchi. Ninachoomba kimekwisha kutiwa saini. Someni mkataba huo kabla ya kikao chenu kijacho cha bajeti.