Kupima Sumaku ya Ardhi Kabla ya Kushusha Duara: Siku Moja Chunya

Ndugu watazamaji, karibuni. Leo tupo Chunya, kwenye leseni ndogo ya uchimbaji dhahabu ya mzee wetu mmoja aliyeniruhusu kurekodi kwa sharti la kutotaja jina lake wala kuonyesha bikoni, yaani alama za mipaka, za eneo lake. Nyuma yangu mnaliona duara lake la kwanza, yaani shimo la kuchimbia, ambalo lilikuta mwamba wenye mbale nzuri, yale mawe yenye dhahabu, na kule karibu na mninga yapo maduara mengine matatu yaliyoshushwa kwa kukisia tu, ambayo yalimla fedha za miaka miwili na hayakukuta kitu. Kazi yetu ya leo ni kutafuta mwamba ule unaelekea wapi chini ya udongo kabla hajashusha duara la tano.

Nianze na jambo ambalo huulizwa kila ninapofungua begi la vifaa. Magnetomita, hiki kifaa cha kupima sumaku, haioni dhahabu. Dhahabu haina sumaku, na hata ukikizungusha kifaa hiki juu ya kilo nzima hakitasema lolote. Kinachopimwa ni nguvu ya uga wa sumaku wa dunia mahali uliposimama, na nguvu hiyo hubadilika kidogo kutegemea wingi wa magnetaiti, madini ya chuma yenye sumaku, iliyomo kwenye mawe ya chini. Hapa kwenye ukanda wa dhahabu wa Lupa, ambako dhahabu ilianza kupatikana mwaka 1922, mishipa mingi ya kwatsi, lile jiwe gumu jeupe, yenye dhahabu hukaa ndani ya nyufa kubwa ambamo mawe yalisagana, kisha maji ya moto yakapita. Maji hayo yaliipokonya magnetaiti chuma chake na kuigeuza pairaiti, ile inayong'aa kama shaba kwenye mbale. Kwa hiyo tunachokifuata leo ni njia ambayo sumaku yake imefifia, na ninawaomba mlishike hilo kwa sababu mafundi wengi hukimbilia mahali penye namba kubwa.

Kifaa chenyewe ni hiki. Ndani ya kopo hili lililofungwa juu ya mlingoti mna mafuta ya taa, na mimi hulipenda jambo hilo kila nikilisema. Mafuta ya taa yamejaa hidrojeni, na viini vya hidrojeni vikishtuliwa kwa umeme kisha vikaachiwa, huyumba kama pia ya watoto inayozunguka, kwa kasi inayolingana na nguvu ya uga uliopo, nacho kifaa huhesabu kasi hiyo na kutupa jibu kwa nanotesla, kipimo cha nguvu ya sumaku. Nyanda hizi za kusini tutegemee namba zinazoanza na 32 au 33 elfu. Ukiona 50,000, kagua mpangilio wa kifaa kabla ya kushangilia.

Eneo la leseni hii ni hekta 10, mita 400 kwa 250. Mwamba uliopo kwenye duara unaelekea mashariki na magharibi, kwa hiyo mistari yetu lazima iukate, yaani itembee kaskazini kwenda kusini. Tumeweka mistari 17 iliyoachana mita 25, na kwenye kila mstari tunasoma kila baada ya mita 5, kwa hiyo kila mstari una vituo 51 na jumla ni vituo 867. Kamba, vigingi na kufyeka njia sitavionyesha, mnavijua. Angalizo moja tu: nyasi za hapa huficha midomo ya maduara ya zamani, kwa hiyo anayetangulia apige ardhi kwa fimbo ya mti.

Nimesema fimbo ya mti kwa makusudi. Anayebeba mlingoti asivae mkanda wenye kifungo cha chuma, asiwe na simu, funguo, kisu wala buti zenye chuma puani, na panga libaki kwa mkata njia aliye mbali.

Sasa tunafika mahali ambapo ninaomba usimamishe video kama unapika au unaongea na mtu. Uga wa dunia hautulii. Kuanzia asubuhi hadi alasiri hupanda na kushuka kwa makumi ya nanotesla kwa sababu ya jua, na mwamba tunaoutafuta unaweza kuwa na tofauti ya nanotesla 40 tu. Ndiyo maana tunaweka magnetomita ya pili, kituo cha msingi, ambayo haiondoki mahali pake na inasoma kila baada ya sekunde 30. Jioni tunachukua kila namba ya kifaa cha kutembea na kuiondolea kiasi ambacho kituo cha msingi kilipanda au kushuka kwa dakika ileile. Dakika ileile, ndugu zangu. Saa za vifaa vyote viwili lazima zifanane.

Mimi niliwahi kupoteza kazi ya siku nne kwa kosa hili. Kifaa cha kutembea kilichukua saa zake kutoka GPS, ambayo huhesabu saa za dunia, yaani UTC, na hizo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Kituo cha msingi nilikipangia kwa simu. Daftari likaandikwa na kijana mwangalifu sana, ambaye aliandika saa 4 kama sisi sote tunavyosema, naye aliyeingiza namba kwenye kompyuta akaisoma kuwa 04:00. Wakati mmoja ukawa na sura tatu: saa nne asubuhi, 10:00 na 07:00. Ramani ilipotoka ilikuwa na milia mizuri ya kaskazini na kusini, nami niliielezea kwa mwenye leseni kuwa ni mwamba, akachimba. Ilikuwa ni jua. Ilikuwa ni mabadiliko ya saa za mchana yaliyoondolewa mahali pasipo pake, na jasho la watu lilimwagika kwa sababu yangu.

Kwa hiyo tazama skrini hizi mbili. Ninaviweka vifaa sambamba, ninavipangia 10:22 vyote viwili, na ninasubiri hadi zote zigeuke 10:23 kwa pamoja. Hiki kimechelewa kwa sekunde nne, ninarudia. Sasa sawa. Kwenye daftari tunaandika tarakimu nne, 10:23, na hatuandiki saa nne na dakika ishirini na tatu hata kama ndivyo tunavyoongea. Tutakagua tena mchana, na tutakagua tena jioni kabla ya kuzima chochote.

Kituo cha msingi kipo mita 200 kutoka barabarani, chini ya mti. Samahani, subirini kidogo, kuna lori la mbale linaelekea kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe. Mnaona namba? 32,741, 32,741, 32,742. Halijaigusa. Umbali huu unatosha.

Tunatembea. Simama, mlingoti wima, bonyeza, subiri mlio, endelea. Mstari wa kwanza hadi wa tano sitawachosha nayo.

Hapa kamera imemnasa msaidizi wangu akisema, "Kaka, namba imeruka." Tupo mstari wa 6, mita 145. Vituo viwili vilivyopita vilisoma 32,761 na 32,766, na hiki kimesoma 32,832. Usiandike haraka, na usifute haraka. Tunarudia: 32,832. Sasa ninaondoa vipande vya mlingoti ili kopo lishuke kutoka mita 2 hadi mita 1. Inasoma 33,190. Angalieni ukubwa wa mruko huo! Kama chanzo kingekuwa mwamba ulio mita 20 chini, kushuka kwa mita moja kusingebadilisha namba kiasi hiki. Chanzo kipo miguuni petu. Tunakwangua udongo kwa mikono, na hiki hapa: kipande cha bomba la chuma chenye kutu, kirefu kama mkono wangu, ambacho kimeacha alama nyekundu kwenye udongo wote uliokizunguka. Kanda hii imechimbwa kwa takriban miaka mia moja, na kila kizazi kimeacha chuma chake. Tunakiondoa, tunakipeleka mbali, tunapima upya kwa mita 2: 32,764. Hiyo ndiyo inayoandikwa, na maelezo ya bomba yanaandikwa pembeni.

Kila baada ya mistari mitatu tunarudi kwenye kigingi kilekile cha kwanza na kukisoma upya. Baada ya kusahihisha, tofauti ikizidi nanotesla mbili au tatu, ninatafuta sababu kabla ya kuendelea.

Ni jioni, na kabla sijazima ninakagua saa: 16:51 na 16:51. Ninapakua data zote mbili.

Hii ndiyo ramani. Mnaona bonde hili refu la namba ndogo linalopita karibu na duara la kwanza, likaenda mashariki, kisha kwenye mstari wa 11 likakatika na kusogea kaskazini kwa kama mita 30? Maduara matatu matupu yapo kusini mwa mahali lilipokatika. Mzee aliufuata mwamba kwa mstari mnyoofu, lakini ardhi ilikuwa imevunjika na kuuhamisha.

Usichimbe katikati ya bonde, hata hivyo. Ikweta ya sumaku, yaani mstari ambapo uga wa dunia hulala sambamba na ardhi, inapita Ethiopia, nasi tupo kusini yake, kwa hiyo uga hutoka ardhini kwa mshazari ukielekea kaskazini, na picha husogea pamoja nao. Jiwe lenye sumaku nyingi hapa kwetu huonyesha kilima upande wa kaskazini na bonde upande wa kusini. Ufa uliopoteza sumaku huonyesha kinyume chake, bonde kaskazini na kilima kusini, na wenyewe hukaa kati ya hivyo viwili. Ndiyo maana ninapendelea mtaro kuliko shimo. Kwenye mstari wa 13 utaanzia ndani ya bonde, uende kusini hadi uvuke kilima kile, urefu wa mita 30.

Ufa ukionekana, bado hatujui kama una pairaiti ya kutosha. Hapo ninaleta vigingi vya umeme: tunapitisha mkondo ardhini, tunaukata ghafla, kisha tunapima jinsi volti inavyofifia polepole, kwa kuwa chembe za pairaiti hushika chaji kama betri ndogo. Vigingi vimwagiliwe maji ya chumvi, hasa kiangazi hiki. Hiyo nitairekodi mtaro ukiwa wazi.

Mzee ameshika kigingi cha kuanzia mtaro. Mzee wetu, sogea hatua mbili kaskazini. Hapo hapo. Gonga.