Bahasha ya Mahakama na Hukumu Tatu za Minnesota

Ndugu watazamaji wa Mombasa, Tanga, Nairobi na kokote mnakonitazama, salamu kutoka Brooklyn Park, Minnesota. Bahasha hii ninayowaonyesha, ambayo anwani yake nimeifunika kwa kidole, imetoka mahakama ya kaunti ya Hennepin. Inaniita kwenda kwenye juri, yaani lile jopo la raia 12 wa kawaida ambao katika jimbo hili ndio wanaoamua kama mtu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa la jinai ana hatia au hana. Jaji huongoza kesi na kupanga adhabu, lakini neno lenyewe ni la hao 12, na sharti wakubaliane wote. Nilipomweleza shangazi yangu aliyeko Likoni, alinijibu kwa ujumbe wa sauti: "Mwanangu, kesi za Wazungu na weusi huko zina wenyewe. Waambie unaumwa." Ninamheshimu shangazi kama mama yangu, na kwa sababu hiyo nimeona nimjibu kwa urefu, nanyi mkisikiliza.

Ijumaa ya tarehe 16 Juni 2017 nilikuwa kazini, katika nyumba ya kutunzia wazee, wakati juri ya kaunti jirani ya Ramsey ilipomwachilia huru Jeronimo Yanez. Huyu alikuwa polisi aliyemsimamisha Philando Castile barabarani pale Falcon Heights mwezi Julai 2016. Castile, kijana mweusi wa miaka 32 aliyesimamia chakula cha watoto katika shule moja ya St. Paul, alimwambia polisi kwa adabu kwamba alikuwa amebeba bunduki, nayo alikuwa na kibali chake. Sekunde chache baadaye alimiminiwa risasi 7, akafa, mchumba wake akiwa kando yake na mtoto wa miaka 4 akiwa kiti cha nyuma.

Habari ilipotangazwa tulikuwa watatu katika chumba cha mapumziko. Mwenzangu mmoja, Mmarekani mweusi, alikuwa akimenya chungwa. Hakusimama wala hakupaza sauti. Aliendelea kumenya taratibu mpaka ganda likatoka zima, akaliweka juu ya karatasi pamoja na chungwa lenyewe, asile. Mama mmoja Mzungu, mtu mwema ambaye nimefanya naye kazi miaka mingi, akasema kwa upole, "Juri imesikia ushahidi wote, sisi hatukuusikia." Yule ndugu akamjibu, "Mimi nimeusikia tangu nizaliwe."

Nimeyatafakari maneno yale mawili kwa miaka, na bado naona kila mmoja alisema kweli. Yule mama alikuwa akiisikiliza kesi moja, ile iliyofunguliwa na kufungwa katika jengo la mahakama, nayo ilijadiliwa na juri kwa siku tano. Yule ndugu alikuwa akiisikiliza hukumu ya Yanez pamoja na hukumu zote zilizoitangulia, tangu za babu zake, na kwake hiyo ilikuwa moja tu katika mlolongo mrefu. Kisha, siku chache baada ya hukumu, ndipo umma ulipoonyeshwa picha zilizorekodiwa na kamera ya gari la Yanez, ambazo juri ilikuwa imeziona mahakamani. Jambo hilo liliniuma sana. Unapowaonyesha watu ushahidi baada ya kuwapa uamuzi, unawataka wauamini kwanza na waangalie baadaye, na mtu aliyekwisha kudhulumiwa hawezi kuamini kwa mpangilio huo.

Miaka miwili haikupita kabla ya hukumu nyingine. Mohamed Noor, polisi wa Minneapolis mwenye asili ya Somalia, alikuwa amempiga risasi mwanamke Mzungu kutoka Australia, Justine Ruszczyk Damond, Julai 2017. Marehemu ndiye aliyewaita polisi usiku ule, akihofia kuna mwanamke anashambuliwa nyuma ya nyumba yake, naye hakuwa na silaha yoyote alipolisogelea gari lao uchochoroni. Mwaka 2019 juri ilimtia Noor hatiani, akafungwa miaka 12 na nusu. Jirani yangu Msomali, ambaye alikulia Garissa na Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu, aliniambia tukinywa chai, "Ndugu yangu, sisi hatusemi hakukosa. Tunauliza mbona sheria imeamka siku hiyo." Jiji la Minneapolis lililipa familia ya Damond dola milioni 20, ilhali familia ya Castile ililipwa na mji mwingine dola milioni 3 kasoro kidogo, na watu wa hapa waliziweka takwimu hizo bega kwa bega bila kufundishwa na mtu. Mimi naamini Noor alistahili kuadhibiwa, maana roho ya mtu asiye na kosa ilipotea. Lakini siwezi kumwambia jirani yangu kwamba swali lake halina msingi, hasa kwa kuwa Septemba 2021 Mahakama ya Juu ya jimbo ilifuta hatia ya mauaji ya daraja la tatu, ikisema sheria hiyo haikumhusu, na adhabu yake ikashuka hadi miezi 57.

Nanyi mlioko Kenya msidhani mambo haya ni mageni kwenu. Wakati wa ukoloni, juri nchini humo ilikuwa haki ya mshtakiwa Mzungu, na waliokaa ndani yake walikuwa Wazungu wenzake, ilhali Mwafrika alihukumiwa na jaji aliyesaidiwa na wazee wa baraza ambao hakulazimika kufuata maoni yao. Mwaka 1923 mlowezi Jasper Abraham alimchapa mfanyakazi wake Kitosh mpaka Kitosh akafa, na juri ile ikaona kwamba hayo hayakuwa mauaji bali kosa la kudhuru tu. Alifungwa miaka miwili. Shangazi anaposema kesi zina wenyewe, anasema jambo ambalo wazee wetu walilijua kwa macho.

Sasa niwapeleke Aprili 2021. Kesi ya Derek Chauvin, polisi Mzungu aliyemgandamiza George Floyd, mtu mweusi, shingoni kwa goti zaidi ya dakika 9 mpaka akafa, ilisikilizwa katika jengo lililozungushiwa vizuizi vya zege na seng'enge, wanajeshi wakiwa nje. Kuwachagua wajumbe wa juri peke yake kulichukua wiki mbili. Katikati ya shughuli hiyo jiji lilitangaza kuilipa familia ya Floyd dola milioni 27, na jaji Peter Cahill akalazimika kuwahoji upya waliokwisha kuteuliwa, akawatoa wawili. Mwishowe walibaki Wazungu 6, weusi 4 na wawili wenye asili mchanganyiko. Jambo kubwa kuliko yote kwangu ni kwamba kesi ilirushwa moja kwa moja tangu mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo halikuwa desturi ya Minnesota, hivyo tulimsikia sisi wenyewe mkuu wa polisi wa Minneapolis akieleza kwamba alichofanya Chauvin hakikuwa katika mafunzo yao.

Wako Wamarekani wengi, wengine ni watu ninaowapenda, wanaosema juri ile ilimtia Chauvin hatiani kwa kuogopa ghasia za barabarani. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, na mawakili wa Chauvin waliipeleka katika mahakama ya rufaa, ambayo iliikataa mwaka 2023. Jibu langu kwao ni kwamba ushahidi ule tuliuona wote kwa wakati mmoja na juri. Hata hivyo, hukumu ilipotoka alasiri ya tarehe 20, nilimkuta yule ndugu wa chungwa katika maegesho ya magari, honi zikilia kila upande. Hakushangilia. Alisema, "Nilikuwa nimejiandaa kwa jingine," kisha akaingia kazini.

Shangazi, juri huanza kupotoka pale inapochaguliwa. Katika jimbo la Mississippi, Curtis Flowers alishtakiwa mara 6 kwa kesi moja na mwendesha mashtaka yuleyule, ambaye katika kesi hizo aliwaondoa kwenye juri weusi 41 kati ya 42 ambao angeweza kuwaondoa, mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoifuta hatia yake mwaka 2019. Hao 41 waliitikia wito, wakafukuzwa. Mimi kwa miaka mingi sikuweza hata kuitwa, kwa sababu asiye raia haruhusiwi, na rafiki zangu waliopata uraia nao hujisingizia ugonjwa kwa sababu siku ya mahakamani ni siku ya mshahara iliyokatwa.

Katika fomu iliyomo humu kuna swali kuhusu asili yangu. Nimelijaza jana usiku kwa wino mweusi, nikaomba ruhusa kazini, na mwenzangu wa chungwa amekubali kushika zamu yangu. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni pa mahakama. Nikichaguliwa sitaweza kuwaeleza lolote mpaka kesi iishe, kwa hiyo mkiona kimya, shangazi asiwe na wasiwasi.