Pikapu Inagoma Ukishajaza Mafuta? Usinunue Pampu Kwanza

Hamjambo nyote, hasa nyinyi wa Nairobi. Niko Dallas, gereji imeshafungwa, nimebaki na pikapu hii ya petroli nyuma yangu. Wa dizeli mtanisamehe, mfumo wa kunasa mvuke wa petroli ninaouzungumzia leo hamna.

Ndugu yetu mmoja wa Kasarani ameniandikia, na maneno yake yameniuma. Pikapu yake ikishajazwa mafuta haishiki. Anazungusha ufunguo, inakohoa, inatetemeka, inanuka petroli, halafu inatulia. Tangi likipungua haina shida. Ameuziwa plagi, akauziwa koili, na sasa anatumwa Kirinyaga Road kutafuta pampu ya mafuta. Kaka, zuia hizo pesa kwanza.

Inagoma ukijaza tu, na hilo ndilo la kushika. Petroli hutoa mvuke hata gari likiwa limezimwa. Mvuke huo hupitishwa kwenye paipu hadi kwenye kanista, kopo lenye makaa yanayounyonya. Injini ikipata moto, kompyuta hufungua vali ndogo na mvuke unavutwa ndani ukachomwe. Gari likizimwa, vali hiyo inafaa iwe imefunga kabisa. Ikikwama wazi, ukijaza tangi mvuke mzito unakimbilia injini, petroli inazidi hewa, na gari linakataa kuwaka. Hapo plagi zina kosa gani?

Fanya hivi. Injini ikiwa baridi, mahali penye hewa, pasipo sigara wala jiko, washa gari bila kukanyaga mafuta. Kwenye hiyo vali karibu na injini, chomoa paipu ya mpira inayotoka kwenye kanista, kisha ziba tundu la vali kwa kidole. Kidole kikivutwa mfululizo, vali imekwama. Jaribio hili halikugharimu hata shilingi.

Sasa mashine ya kusoma makosa. Ikitoa namba ya kosa P0455, ni uvujaji mkubwa wa mvuke: tazama kifuniko cha tangi na mpira wake kabla ya kitu kingine. P0442 ni tundu la kama milimita 1, na P0456 ni nusu milimita. Tundu kama hilo hulioni kwa macho hata ulale chini ya gari mchana kutwa. Tafuta fundi mwenye mashine ya moshi, aupulize kwa presha ndogo, uone unapotokea. Namba haikwambii ununue nini, inakwambia uchunguze wapi, na hapo ndipo watu wengi wanaliwa pesa.

Nyinyi mnaobeba mchanga na mawe, vumbi huziba vali ya kupumulia iliyo upande wa kanista. Dalili yake ni pampu ya kituoni kukatakata kabla tangi halijajaa. Na pampu ikikata kwa sababu tangi limejaa, tafadhali usimwambie kijana aongeze kidogo: petroli yenyewe inaweza kuingia kwenye kanista, na makaa yakilowa yameharibika.

Mkishatengeneza, kompyuta haijipimi papo hapo. Magari mengi husubiri injini ilale baridi, na tangi lisiwe tupu wala kujaa. Kwa hiyo fundi akifuta namba ya kosa na taa ya injini kwenye dashibodi ikazimika jioni hiyo, usimlipe ukidhani kazi imekwisha. Endesha siku kadhaa, tangi likiwa nusu.

Wa Kasarani, fanya lile jaribio la kidole kesho asubuhi, kisha niandikie hapo chini umehisi nini.