Farasi wa Buluu na Amana ya Bibi Münter

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni. Nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu mkaja kumsikiliza mtu aliyeingia nyumba ya makumbusho siku moja ya mvua, akatoka jioni walinzi wakifunga milango.

Nitaanza na rangi, wachoraji watafuata. Kiswahili chetu kina rangi tatu zinazosimama zenyewe: nyeupe, nyeusi, nyekundu. Hizo hufuata ngeli kama sifa nyingine: kitambaa cheupe, vitambaa vyeupe. Zilizobaki karibu zote zina wenyewe. Manjano ni ile tunayotia kwenye mchuzi. Kijani ni ya majani, kijivu ni ya majivu, kahawia imetoka kwenye kahawa. Zambarau ni tunda, na aliyewahi kulila anajua ulimi unavyobaki. Ukitaja rangi kwa Kiswahili, mara nyingi umeshataja na kitu. Nilikuwa sijawahi kuliwaza jambo hili mpaka niliposimama mbele ya farasi mmoja mjini Munich, Ujerumani.

Mahali penyewe panaitwa Lenbachhaus, yaani nyumba ya Lenbach. Franz von Lenbach alikuwa mchoraji wa wakubwa. Alimchora Bismarck, kansela wa Ujerumani, mara nyingi, na picha zake ni za kiza, nyuso zikichomoza kutoka kwenye kahawia nzito. Alitajirika, akajijengea jumba la rangi ya manjano kwa mtindo wa Kiitalia, likamalizika 1891. Alifariki 1904. Baadaye mji ukalinunua, ukalifanya makumbusho. Nilipita vyumba vyake haraka, nakiri, kwa sababu nilichokifuata kilikuwa kazi za kundi la vijana waliokuja kuchora kinyume kabisa na alivyochora yeye. Leo zinakaa katika nyumba yake.

Kundi hilo lilijiita Der Blaue Reiter, Mpanda Farasi wa Buluu. Wenye nguvu walikuwa wawili, Wassily Kandinsky, Mrusi aliyesomea sheria akaiacha na kuhamia Munich mwaka 1896 akiwa na miaka thelathini, na Franz Marc, mzaliwa wa Munich. Mwishoni mwa 1911 chama cha wasanii walichokuwamo kilikataa picha moja ya Kandinsky kwa hoja kwamba ni kubwa mno kupita kipimo. Wakatoka. Tarehe 18 Desemba mwaka huohuo walifungua maonyesho yao wenyewe katika duka la picha la Thannhauser. Mwaka uliofuata walichapa kitabu, na ndani yake wakapanga pamoja michoro ya watoto, picha za kidini za wanakijiji wa Bavaria, jimbo la Munich, zilizochorwa nyuma ya kioo, sanamu za kuchonga kutoka Afrika, na kazi zao wao. Zote ziliwekwa sawa, bila kuambiwa hii ni sanaa na ile ni ya washenzi. Kwa Ulaya ya 1912, yenye makoloni, hilo lilikuwa jambo zito. Mimi ninawapa heshima yao kwa hilo, ingawa wachongaji wenyewe hawakutajwa majina, na hilo linaniuma.

Sasa farasi. Marc alimchora 1911. Ni farasi kijana, amesimama peke yake, kichwa amekigeuza na kukiinamisha kidogo, kama mtu anayesikiliza habari asiyoitaka. Nyuma yake vilima vina rangi nyekundu, manjano, zambarau. Mbele chini kuna mmea wa kijani. Na mwili wake ni buluu, buluu kwelikweli, kifua tu kimeng'aa kuelekea weupe.

Nilitafuta neno. Samawati? Hapana, samawati ina mwenyewe, ni ya mbinguni, na farasi huyu ana kwato ardhini. Nikabaki na buluu, neno la kuazima kutoka kwa Waingereza, lisilo na tunda wala jani nyuma yake. Ndipo nikamwelewa Marc, nadhani. Alikuwa ameivua rangi kutoka kwa mwenyewe. Alimwandikia rafiki yake, mchoraji August Macke, Desemba 1910, kwamba kwake buluu ni uanaume na mambo ya roho, manjano ni uanamke na furaha, nyekundu ni maada, nzito na katili. Hesabu hiyo ya wanaume na wanawake mimi siikubali. Lakini tazama alichokipata kwa njia hiyo: mnyama asiyembeba mtu, asiyevuta mkokoteni, asiyeuzwa. Nimekua nikiona wanyama wa rangi wanaochorwa Dar es Salaam kwa ajili ya watalii, na wengi wananifurahisha. Huyu hakunifurahisha. Alinifanya nione haya kumtazama, kama mtu aliyeingia chumba cha watu bila kubisha hodi.

Chumba kingine kina picha ya Kandinsky ya mwaka huohuo, ile ya tamasha la muziki. Tarehe 2 Januari 1911 alikwenda kusikiliza muziki wa Arnold Schoenberg, muziki ambao masikio mengi ya wakati ule hayakuuweza. Akarudi akachora. Kinachoonekana kwanza ni manjano iliyomwagika kutoka kulia, imefunika karibu kila kitu. Kisha doa kubwa jeusi. Ukikaa nalo unatambua kuwa ni kinanda. Ukizidi kukaa, yale mabaka ya chini yanakuwa watu waliojikunja kusikiliza. Bibi mmoja karibu yangu alimwuliza mumewe ile ni nini, mumewe akainua mabega. Nilitamani kumwambia kwamba hata Kandinsky yalimkuta. Kule Moscow, kabla hajahama, aliona picha ya Monet, mchoraji wa Kifaransa, na hakutambua kilichochorwa mpaka aliposoma orodha na kukuta imeandikwa kuwa ni lundo la nyasi. Alikasirika kwamba hakutambua. Lakini picha ile haikumtoka kichwani, na ndipo shaka ilipomwingia kama kweli picha inahitaji kitu.

Naja kwa bibi ambaye bila yeye nisingekuwa na mengi ya kuwaeleza jioni hii.

Gabriele Münter alizaliwa Berlin mwaka 1877. Vyuo vya serikali vya sanaa Munich havikuwapokea wanawake, akajiunga na shule ndogo ya binafsi, na mwalimu wake akawa Kandinsky. Wakawa wapenzi. Mwaka 1908 waligundua mji mdogo wa Murnau, chini ya milima ya Alps, na 1909 Münter akanunua nyumba pale. Picha yake ya rafiki yao Marianne von Werefkin imetundikwa Lenbachhaus: kofia kubwa ya maua, mtandio wa zambarau, na nyuma yake manjano tupu. Mistari imekatwa kwa uhakika, hakuna brashi iliyosita. Nilikaa mbele yake muda mrefu kuliko nilivyokaa na kazi nyingi za Kandinsky. Vitabu vilimwita kwa muda mrefu mwanafunzi na mpenzi wa fulani. Mwenye macho aende akaone kama huyo ni mwanafunzi.

Agosti 1914 Vita vya Kwanza vya Dunia vikaja. Kandinsky alikuwa Mrusi, adui, ikambidi aondoke. Walionana mara ya mwisho Stockholm, 1916. Mwaka 1917 alioa mwanamke mwingine, na Münter hakuambiwa. Vita hivyohivyo vilimchukua Macke mwaka 1914, ana miaka ishirini na saba, na Marc karibu na Verdun, Machi 1916, ana thelathini na sita.

Picha za Kandinsky zikabaki mikononi mwa Münter. Miaka ya ishirini wakagawana kisheria, nyingine akamrudishia, nyingine zikawa zake. Kisha wakaja Wanazi. Julai 1937, palepale Munich, walifungua maonyesho ya kuitukana sanaa waliyoiita iliyoharibika, na kazi za Kandinsky na Marc zilikuwamo. Picha kubwa ya Marc ya farasi wa buluu wanne ilionyeshwa humo pia, na tangu 1945 haijulikani iliko. Wakati wote huo Münter alikuwa Murnau na picha zake zimefichwa chini ya nyumba. Hakuzitoa, hakuzichoma.

Mtu aliyeachwa bila hata kuagwa ana haki gani juu ya vitu vya aliyemwacha? Sisi tuna neno amana, na tunajua uzito wake. Lakini amana huwekwa na mtu anayekuamini, ukampa neno lako. Yeye alipewa nini? Nimelifikiria sana, na sijapata jina la alichokifanya kwa miaka ile yote.

Mwaka 1957, alipotimiza miaka themanini, aliupa mji wa Munich kazi zaidi ya elfu moja, zikiwamo picha za mafuta za Kandinsky zipatazo tisini. Ukipita vyumbani, soma vibao: Gabriele Münter, 1957, kibao baada ya kibao. Farasi wa buluu hakutoka kwake, huyo aliletwa 1965 na ukoo wa Koehler. Ila chumba anamosimama kina maana kwa sababu ya vilivyomzunguka, na hivyo ni vyake.

Kesho yake nilipanda treni mpaka Murnau. Nyumba ipo, sasa ni makumbusho. Ndani kuna ngazi ya mbao ambayo Kandinsky aliichora ubavuni, wapanda farasi wanakwea kuelekea juu, na maua. Ngazi haikuweza kufungwa ndani ya sanduku kupelekwa Paris wala Munich. Münter aliishi humo mpaka alipofariki mwaka 1962, na kila usiku, akienda kulala, aliipanda.