Sauti Nzito, Sauti Nyembamba

Assalaam aleikum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mlioegemea ukuta. Ahsanteni kuitika mwito na kusi lote hili. Leo nawaeleza namna ya kupima kwa mtetemo vitu vidogo visivyoonekana kwa jicho.

Sikilizeni glasi hii. (Anaigonga kwa kijiko.) Sasa naitia maji. (Anaigonga tena.) Mmesikia? Sauti imekuwa nzito. Hapo ndipo ninapoipenda lugha yetu: uzito wa kitu na uzito wa sauti ni neno moja.

Mwaka 1906 Mikhail Tsvet, Mrusi wa elimu ya mimea, alichapisha namna alivyozitenga rangi za majani kwa kuzipitisha katika mrija wenye unga wa chaki, ndugu yake chokaa ya kuta zetu. Kila rangi ilishuka kwa mwendo wake. Na jina lake, Tsvet, kwa Kirusi ni rangi!

Ila molekuli nyingi, yaani zile chembe ndogo kabisa za vitu, hazina rangi. Sukari hupita mrijani jicho lisione kitu. Basi maabara huzibandika rangi inayong'aa. Mimi jambo hilo halinipi raha, maana kibandiko chaweza kukaribia ukubwa wa molekuli yenyewe. Mfunge kengele paka wa hapa Lamu, kisha utwambie anavyowinda panya.

Turudi kwenye glasi. Mwaka 1880 Jacques na Pierre Curie wa Ufaransa waligundua kwamba fuwele ya kwatzi, jiwe gumu lenye kung'aa kama kioo, ikibanwa hutoa umeme. Nayo ukiipa umeme, hujikunja. Kipande chembamba hutetemeka mara milioni 5 kwa sekunde, sikio halifiki huko. Mwaka 1959 Mjerumani Günter Sauerbrey akatoa hesabu: kitu kikitua juu yake, mitetemo hupungua kwa kadiri ya uzito. Ukipungua mtetemo mmoja kwa sekunde, zimetua kama nanogramu 18 katika sentimita moja ya mraba. Nanogramu ni gramu iliyogawanywa mara bilioni!

Basi fuwele hiyo huwekwa mwisho wa ule mrija, molekuli zitue juu yake zikitoka na maji. Lakini kazi iko kwenye maji hayo. Fuwele ikiguswa na maji tu, bila molekuli yoyote, hupoteza mamia ya mitetemo. Chumvi ikizidi au joto likibadilika, sauti nayo huyumba. Fundi huweka fuwele ya pili isiyonasa kitu, akasikiliza tofauti ya hizo mbili.

Mzee pale nyuma anauliza: fuwele yaijua molekuli kwa jina? La, mzee wangu, yajua uzito tu. Jina twalipata kwa saa ya kutoka mrijani, kama mnavyoijua mashua ya Mokowe kabla haijafika gatini.